Mkazi wa Pili wa Mkoa wa Thelathini na Moja

Nchi ninayoisimulia haipo. Nasema hivyo mapema ili msomaji atakayeona imefanana na yake ajue kwamba kosa ni la macho yake. Niliitumikia nchi hiyo isiyokuwepo kwa miaka ishirini na sita, nikiwa karani, na barua zote ninazozitaja humu nilizipiga chapa kwa mikono hii.

Mambo yalianza siku Mkuu wa Nchi alipomkuta mkwe wake, mtu mzima mwenye ndevu, amekaa sebuleni akicheza gemu kwenye kompyuta. Mkwe alikuwa akimtembeza askari juu ya mlima. Mkuu akauliza mlima ule uko wapi. Akaambiwa kwamba uko ndani ya gemu iliyotengenezwa na nchi jirani, na kwamba ulimwengu wa gemu hiyo una ukubwa wa kilomita za mraba elfu arobaini. Mkuu hakula chakula cha mchana siku ile. Jirani, ambaye nchi yake halisi ni ndogo kuliko yetu, alikuwa amejiongezea nchi nyingine ndani ya kompyuta bila kufyatua risasi hata moja.

Kesho yake ikaundwa Wizara ya Fahari ya Taifa, akapewa Mheshimiwa Bulendu. Alikuwa ameongoza wizara sita kabla ya hiyo, na kila alikotoka aliacha jengo refu na kisima kilichokauka. Mimi nilihamishiwa huko kwa sababu, katika makarani wote, ni mimi peke yangu niliyeweza kuandika neno "kompyuta" bila kuuliza. Nilisoma madarasa ya jioni kwa miaka tisa, na sioni haya kulisema.

Ikaonekana kwamba katika nchi nzima kuna mtu mmoja tu aliyewahi kutengeneza gemu ikachezwa. Jina lake Nyamizi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa kijiji cha Lugodi. Huko Lugodi siku hizi hakuna kijiji. Serikali ilikiondoa ili ijenge uwanja wa gwaride wa kimataifa, na uwanja wenyewe bado unajengwa: una bango. Kabla ya matingatinga kufika, Nyamizi alikwenda nyumba kwa nyumba na kinasa sauti, akarekodi watu wote arobaini waliokuwa wamebaki, akawatia kwenye gemu yake pamoja na milango yao.

Niliicheza gemu ile mwenyewe, na bado sijapata maneno ya kutosha kuieleza. Kilima kimoja, kijito kimoja, milango arobaini. Hakuna upanga wala zimwi. Unafika mlangoni, unapiga hodi, unangoja. Kungoja ndiyo kazi yenyewe. Bi Sikujua, kwa mfano, haji mpaka amalize kukosha vyombo, na ukipiga hodi mara ya nne anasema toka ndani, "Nimesikia, si kiziwi mimi, au unataka nije na masufuria?" Akifungua, anachokwambia kinategemea umetoka kwa nani. Ukiwa umetoka kwa Songoro anauliza kama Songoro amekupa jibu lake kuhusu mbuzi. Ukiwa hujafika kwa Songoro anakutuma huko, na huko unakuta habari ya mbuzi si ile uliyoisikia. Kuuzunguka ulimwengu huo wote kwa miguu ni robo saa. Kumaliza kuujua, mimi nilitumia miezi minne, na nadhani bado nilidanganywa kuhusu yule mbuzi.

*

Mheshimiwa Bulendu alimwita Nyamizi ofisini akiwa anakula paja la kuku.

"Binti, huu ulimwengu wako una ukubwa gani?"

"Mtu anauzunguka kwa robo saa, Mheshimiwa."

"Robo saa." Waziri alitutazama sisi wengine kama mtu aliyetukaniwa mama. "Mimi nyumbani kwangu, kutoka kitandani hadi getini, ni robo saa. Unataka taifa zima liingie kwenye geti langu?"

"Watu wanakaa humo miezi, Mheshimiwa. Kuna mengi ya kukuta."

"Jirani ana elfu arobaini. Sisi tutakuwa na elfu tisini. Tanua."

"Naweza kutanua ardhi leo hii, si kazi. Lakini nitaweka nini humo? Watu arobaini nimewarekodi kwa mwaka mzima. Elfu tisini ya nini?"

"Ya kilomita," alisema Waziri.

"Mtu atatembea siku nzima asikutane na kitu. Atachoka."

"Mwananchi anayechoka ni mwananchi aliyetembezwa na serikali yake. Tanua, binti." Akanyoosha kidole kwenye skrini kuonyesha ni wapi pa kutanulia, na kidole kilipoondoka kikaacha alama ya mafuta ya kuku juu ya Lugodi nzima. Nilimwona Nyamizi akitoa kitambaa mfukoni, akingoja Waziri atazame pembeni ili afute.

Alitanua. Kama angekataa, kazi angepewa mtu mwingine, na mtu huyo asingejua hata kwamba Bi Sikujua anakosha vyombo.

*

Ikaundwa Kamati ya Upimaji. Wajumbe wake saba walikaa mbele ya kompyuta, wakamwelekeza mchezaji mashariki kutoka mwisho wa magharibi, wakaweka kipande cha tofali juu ya kitufe cha kutembea, wakaenda kula. Waliporudi alikuwa bado anatembea. Wakaenda kula tena. Siku ya tano mchezaji alifika mwisho wa dunia, na Kamati ikanipa taarifa niipige chapa. Nanukuu: "Kamati ilitembea usiku na mchana bila kukutana na kikwazo, kero, wala mwananchi." Mheshimiwa alipigia mstari maneno matatu ya mwisho kwa wino mwekundu, akaandika pembeni: Hongereni.

Ulimwengu uligawanywa mikoa arobaini, na katikati ikasimikwa Mnara wa Ukubwa. Mkuu wa Nchi mwenyewe alitoa neno kwamba kila raia aanzie safari yake kwenye Mnara, ili asisahau alikotoka. Kwa kuwa ukumbi wa Wizara, ambao ndio pekee wenye kompyuta zinazoweza kuendesha gemu hiyo, hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa tisa na nusu, ikaamriwa kwamba kila ukumbi unapofungwa wachezaji wote warudishwe kwenye Mnara. Popote ulipofika jana, leo unaanza upya. Tulipigiwa makofi.

Walimu mia mbili wakaletwa waujaribu. Wiki ya kwanza wote walitembea. Wiki ya pili wote walikuwa Lugodi. Walikuwa wamekigundua kilima kile, kumbe ni dakika kumi tu kutoka Mnarani, na walikuwa wamesimama foleni mlangoni kwa Bi Sikujua wakibishana kuhusu mbuzi. Mikoa thelathini na tisa haikuwa na hata mtu mmoja.

Waziri aliunda Kamati ya Uwiano chini ya Ndugu Lutufyo, mtu mwembamba anayechokonoa meno kwa pembe ya karatasi yoyote iliyo karibu, hata ikiwa ramani. Ndugu Lutufyo alitafakari siku kumi na mbili. Kisha akasimama.

"Ndugu wajumbe, tumetafuta kosa mahali pasipo na kosa. Tumelaumu ukubwa. Ukubwa una kosa gani? Ukubwa umekaa kimya, umetulia, hausumbui mtu. Kosa ni Lugodi. Pale pamejaa kupita kiasi, ndiyo maana kwingine panaonekana patupu. Ninyi mkiweka chumvi yote kwenye kona moja ya chungu, mtalaumu chungu?"

Wajumbe wakakubali kwamba wasingelaumu chungu.

"Wakazi ni arobaini. Mikoa ni arobaini." Akachukua kalamu, akagawa mbele yetu sote, kwa mkono, akapata moja mara ya kwanza tu. Alipigiwa makofi.

Nyamizi alikuwa amekaa nyuma, karibu na mlango. Alinyanyuka.

"Ndugu Mwenyekiti, hawa wanazungumza kwa sababu ni majirani. Huyu anamsema yule. Ukimweka Bi Sikujua peke yake kwenye tambarare, atamuuliza mgeni kuhusu Songoro, na Songoro atakuwa kilomita mia tatu."

"Vizuri sana," alisema Ndugu Lutufyo. "Mgeni atapata sababu ya kutembea."

Wakahamishwa siku ile ile. Ubao mkubwa wa taa ukatundikwa ukumbini, kila mkoa na idadi ya wakazi wake: moja, moja, moja, mpaka chini. Nimeona mambo machafu katika utumishi wangu. Nimeona dawa za hospitali zikiuzwa dirishani kwa Mganga Mkuu. Lakini kitu kilichonifanya nitoke nje nikateme mate ni ule ubao ulivyokuwa umenyooka.

*

Hapo ndipo alipoingia Mzee Mageta, mume wa Bi Sikujua. Mwaka ule wa kurekodi yeye alikuwa mjini akifuatilia fidia, ndiyo maana kwenye gemu hakuwamo. Mkewe alikuwa amefariki mwaka mmoja baada ya kuhamishwa Lugodi, katika chumba cha kupanga ambacho dirisha lake lilitazama ukuta. Mzee alikuja ukumbini akiwa amevaa koti, akakaa kwenye kompyuta ya tatu, akauliza mke wake amepelekwa wapi. Nilitazama daftari.

"Mkoa wa thelathini na moja, mzee wangu. Mashariki kabisa."

"Ni mwendo gani?"

"Saa hamsini na mbili kutoka Mnarani."

"Na ninyi mnafungua saa ngapi kwa siku?"

"Saba na nusu."

Mzee aliweka kidole kwenye kitufe akaanza kutembea. Saa tisa na nusu akarudishwa Mnarani. Kesho yake alikuja tena, na siku iliyofuata. Alikuwa anajua hesabu vizuri kuliko Kamati. Alitembea hivyo hivyo. Wiki ya tatu Nyamizi alivuta kiti akakaa karibu naye.

"Baba, sauti yake ninayo yote. Nikuwekee kwenye simu, uwe unaisikiliza nyumbani?"

"Sauti yake ninayo, mwanangu. Miaka arobaini na moja ananisema, nitaikosaje?" Hakuondoa kidole kwenye kitufe. "Shida yangu ni kwamba yuko peke yake. Yule mwanamke hajui kukaa kwenye nyumba iliyonyamaza. Hata nikilala mchana alikuwa anadondosha mwiko makusudi. Sasa mmemweka jangwani, hakuna wa kumpigia hodi. Anakosha vyombo vya nani?"

Nyamizi aliinama.

"Niwaombe wamsogeze?"

"Omba."

Aliomba. Mimi ndiye niliyepiga chapa ombi na mimi ndiye niliyepiga chapa jibu. Jibu lilisema kwamba mkazi huyo akisogezwa, mkoa wa thelathini na moja utabaki na sifuri, na kwamba Wizara haiwezi kuvumilia sifuri.

Nilimsomea Mzee jibu hilo. Akanyoosha kola ya koti.

"Kumbe mnatafuta watu," alisema. "Basi niandikeni mimi. Mnirekodi, mniweke humo. Thelathini na moja, pamoja naye."

*

Kamati ilifurahi. Tangu iundwe haikuwahi kupata mwananchi anayeomba kuwa maudhui. Ndugu Lutufyo alisema hilo ni ongezeko la asilimia mbili na nusu, akaagiza maandazi.

"Ila si thelathini na moja. Pale wakazi wangekuwa wawili, na wenzao wangeuliza. Aende kumi na mbili."

Mkoa wa kumi na mbili, saa sita magharibi mwa Mnara, ulikuwa na fundi baiskeli kutoka Lugodi. Fundi huyo alikuwa na sentensi moja isemayo kwamba barabara hii iliahidiwa tangu yeye kijana. Wiki mbili nyuma Kamati ilikuwa imemwondoa, kwa utaratibu ule ule uliotumika kuwaondoa watu wa Lugodi ya kweli: wajumbe watatu husimama mbele ya mlango wa mhusika na kumsomea barua. Walitembea saa sita, wakamsomea. Fundi hakujibu, kwa kuwa hakuna aliyemwandikia jibu la jambo hilo. Kamati iliandika kwamba amekubali, na mkoa ukabaki unatafutiwa mtu.

Nilimpelekea Mzee Mageta habari kwamba amepewa kumi na mbili. Nilidhani atavua koti na kulitupa. Alimgeukia Nyamizi.

"Kutoka kumi na mbili mpaka kwake ni mwendo gani?"

"Saa sita mpaka Mnarani, kisha hamsini na mbili. Hamsini na nane."

"Huyo mtu wangu wa humo ndani, anaweza kutembea?"

Nyamizi alinitazama mimi kwanza. Mimi nikapata kazi ya kupanga karatasi.

"Nikimpa miguu, anatembea."

"Na ninyi mkifunga saa tisa na nusu, anarudishwa?"

"Wanaorudishwa ni wachezaji, baba. Wakazi hawarudishwi. Hakuna aliyefikiri kwamba mkazi anaweza kuondoka."

"Basi nimekubali kumi na mbili," alisema Mzee.

Akarekodiwa Ijumaa. Kamati ilimpa nafasi ya maneno kumi, na mwisho wake, kama wakazi wote wapya, ashukuru serikali kwa ukubwa wa nchi. Mzee akasema, "Hodi. Ni mimi. Nimechelewa, walinizungusha." Kisha akatoa ile shukrani, kama mtu anayesoma maandishi kwenye kopo la sumu ya panya. Ndugu Lutufyo alisema imetoka moyoni.

Saa tisa alasiri Nyamizi akamweka mahali pake. Taa ya kumi na mbili ikaonyesha moja. Saa tisa na nusu tukafunga ukumbi, na mitambo ikaachwa inaendelea kama kawaida, kwa sababu kuizima kunahitaji saini ya Waziri.

*

Jumatatu saa mbili nilifungua mlango na Mzee alikuwa nyuma yangu. Wote tulitazama ubaoni. Moja, moja, moja. Kumi na mbili: sifuri. Thelathini na moja: mbili.

Mzee alisimama pale, mikono nyuma.

"Atakuwa amemsimamisha nje," alisema. "Mpaka amalize vyombo."

Ndugu Lutufyo alifika saa tatu. Aliutazama ubao kama mtu aliyekuta nywele kwenye uji. Uzinduzi ulikuwa Ijumaa ile, na Mkuu wa Nchi, ambaye amri ya Mnara haimgusi, alikuwa amepangiwa kuanzia mkoa wa kumi na mbili, ili akutane na mwananchi mwenye shukrani.

"Nani kampa miguu?"

"Mimi," alisema Nyamizi. "Hamkuniagiza nisimpe."

"Mrudishe."

"Kumwondoa mkazi mahali alipo kuna utaratibu, Ndugu Mwenyekiti. Wajumbe watatu, mbele ya mlango, na barua. Mliuandika wenyewe."

Ndugu Lutufyo alimfukuza kazi palepale, kisha akagundua kwamba amemfukuza mtu pekee anayejua kufuta kitu humo, akamrudisha kazini, akamwamuru afute, Nyamizi akakataa, akamfukuza tena. Barua zote tatu nilizipiga mimi kabla ya saa nne.

Wajumbe watatu wakakaa kwenye kompyuta wakaanza safari ya mashariki, barua mezani, mayai ya kuchemsha pembeni. Saa tisa na nusu walikuwa kwenye nyasi, mahali ambapo hapana hata jiwe. Wakarudishwa Mnarani. Jumanne wakaanza tena. Jumatano mmoja alilia, akasema ameona nyasi mpaka anaziota. Wakaomba ukumbi usifungwe. Waziri akajibu kwamba neno la kurudi Mnarani ni la Mkuu, na yeye hana mkono wa kugusa neno la Mkuu. Alhamisi kulikuwa na maganda ya mayai kati ya vitufe, kitufe cha kutembea kilikuwa kimeganda, na wajumbe walikuwa hawasemeshani.

Alhamisi jioni Waziri alipata ufumbuzi. Mkoa wa thelathini na moja uliondolewa kwenye ramani, na taa yake ikang'olewa ubaoni. Ili taifa lisipoteze hadhi, mikoa iliyobaki iliongezwa upana, tukafika kilomita za mraba laki moja.

Mkuu alizindua Ijumaa. Alisimama mkoa wa kumi na mbili, hakukuwa na mtu, akaambiwa mwananchi wa hapa yuko kwenye majukumu ya kitaifa. Alitembea dakika arobaini kwenye nyasi, viongozi wote wamesimama nyuma ya kiti chake. Kisha akasema, "Pakubwa." Waziri alitokwa na machozi. Jirani, nasikia, amekwishaanza kutengeneza laki mbili.

Mzee Mageta alikuja Jumatatu iliyofuata. Alimkuta Nyamizi mlangoni akiondoka na vitu vyake vya mwisho kwenye boksi, akatazama ubao, akaona mahali taa ilipong'olewa.

"Wamewafuta?"

"Wamefuta kwenye ubao, baba. Kuwafuta wenyewe lazima watu watatu wafike mlangoni."

"Na hawafiki."

"Hawafiki."

Mzee akamchukulia Nyamizi boksi lake, wakashuka ngazi pamoja, naye anamweleza habari ya mbuzi, ile ya kweli.

Mzee hakuonekana tena ukumbini. Katika miaka ishirini na sita ya utumishi wangu, ndiye raia pekee niliyemwona akiacha kuja ofisini kwetu kwa sababu shida yake imekwisha.